13-0 na bado nje: kisa cha Florida State, Desemba 2023

Jumapili ya Desemba 3, 2023, kamati ya watu 13 ilitangaza timu nne za kuwania ubingwa wa futiboli ya vyuo vya Marekani: Michigan, Washington, Texas na Alabama, kwa mpangilio huo. Ya tano ilikuwa Florida State. Michigan na Washington walikuwa wameshinda mechi zao zote 13. Texas na Alabama kila mmoja alikuwa amepoteza moja. Florida State nao walikuwa wameshinda zote 13, na usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa konferensi yao, ACC. Tangu mfumo wa timu nne uanze mwaka 2014, bingwa wa konferensi kubwa asiyefungwa na yeyote hakuwahi kuachwa nje.

Ubishi wa siku ile haujaisha, na mara nyingi unaendeshwa na watu wanaopishana njiani bila kuonana. Mmoja anauliza nani amestahili. Mwenzake anajibu nani angeshinda wakikutana kesho. Mimi naona kamati ilikosea, ila si kwa sababu zinazopigiwa kelele zaidi. Haikuwa mapenzi ya kupita kiasi kwa Alabama, wala hujuma ya televisheni. Kosa lilikuwa kulitumia jeraha la mchezaji mmoja kufuta ushindi uliopatikana baada ya jeraha lenyewe.

Kwanza, kwa nini iwepo kamati? Aliyezoea ligi zetu anajua utaratibu: kila timu inakutana na kila timu, nyumbani na ugenini, kisha unasoma msimamo. Futiboli ya vyuo haiwezi kufanya hivyo. Msimu wa 2023 daraja la juu lilikuwa na timu 133, na kila moja ilicheza mechi 12 za kawaida. Mchezo wenyewe ni wa kugongana miili. Huwezi kuucheza kila baada ya siku tatu. Kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa, na hata zikiwa na rekodi zinazofanana, rekodi hizo zimechumwa kwenye mashamba tofauti. Timu zimegawanyika katika konferensi, ambazo ni kama ligi ndogo zinazojitegemea, kila moja na bingwa wake. Mwaka 2023 konferensi tano zilihesabiwa kubwa: SEC, Big Ten, Big 12, Pac-12 na ACC. Nafasi za kuwania ubingwa wa taifa zilikuwa nne. Mabingwa watano, viti vinne. Kila mwaka mmoja angebaki amesimama, na kwa miaka tisa bahati ilisaidia: aliyebaki alikuwa na doa fulani la kumnyooshea kidole.

Kamati hukutana Grapevine, Texas, kila wiki katika kipindi cha mwisho cha msimu. Wajumbe ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo, makocha wa zamani na watu wengine waliokulia kwenye mchezo huo. Chuo cha mjumbe kikijadiliwa, yeye hutoka nje. Kura zenyewe hupigwa kwa mafungu: wajumbe wanachagua kundi la timu sita wanazoona bora, wanazipanga, tatu za juu zinawekwa kwenye orodha, tatu zinazobaki zinapambanishwa na wengine katika duru inayofuata, na hivyo hivyo mpaka ishirini na tano zitimie. Vigezo vimeandikwa: ubingwa wa konferensi, ugumu wa ratiba, matokeo ya timu zilizokutana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Kigezo kipi kina uzito gani, hakuna palipoandikwa.

Halafu kuna kipengele kingine, na hiki ndicho moyo wa kisa chote. Kinaruhusu kamati kutazama kukosekana kwa mchezaji au kocha muhimu, iwe kuliathiri matokeo ya timu wakati wa msimu, au kunaelekea kuathiri uchezaji wake katika mechi za mwisho. Nusu ya kwanza ya kipengele inatazama nyuma. Nusu ya pili inatazama mbele. Zimeunganishwa kwa neno dogo tu, "au", na miaka tisa hakuna aliyeona ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa msimu wenyewe. Florida State walianza Septemba 3 mjini Orlando kwa kuwachapa LSU 45-24. LSU walikuwa na Jayden Daniels, ambaye mwisho wa mwaka alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wiki tatu baadaye wakawafunga Clemson ugenini 31-24 katika muda wa nyongeza. Uongozi wa mashambulizi ulikuwa wa Jordan Travis, kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua atupe, akabidhi au akimbie mwenyewe. Hakuna nafasi katika soka tunalolijua inayobeba mzigo wa namna hiyo. Golikipa akichanganywa na kiungo mchezeshaji, labda unakaribia.

Novemba 18, dhidi ya North Alabama, timu dhaifu ambayo Florida State waliimaliza kwa 58-13, Travis aliumia mguu vibaya katika robo ya kwanza. Msimu wake ukaishia hapo. Wiki iliyofuata wakaenda Gainesville kwa watani wao Florida wakiwa na Tate Rodemaker, kwotabeki wa pili, wakashinda 24-15. Rodemaker naye akagongwa kichwa katika mechi hiyo. Kwa hiyo fainali ya ACC, Desemba 2 mjini Charlotte, aliianza Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, chaguo la tatu. Wapinzani walikuwa Louisville, wa 14 katika orodha ya kamati. Glenn alikamilisha pasi 8 kati ya 21, yadi 55 tu. Kwa macho, ilikuwa mechi mbaya. Lakini safu ya ulinzi ya Florida State haikuruhusu hata shambulio moja la Louisville kufika mwisho wa uwanja. Wapinzani waliondoka na pointi sita za mateke. Florida State 16, Louisville 6.

Hapa nawaomba wanaoitetea kamati wasimame kidogo watazame tarehe. Novemba 28 kamati ilitoa orodha yake ya kabla ya mwisho. Travis alikuwa ameshaumia siku kumi zilizopita, dunia nzima inajua harudi. Rodemaker alikuwa ameshagongwa. Na kamati, ikijua hayo yote, iliwaweka Florida State nafasi ya nne, tena ikiwapandisha kutoka ya tano. Alabama walikuwa wa nane. Texas wa saba. Baada ya hapo Florida State wakacheza mechi moja dhidi ya timu iliyo ndani ya orodha, wakashinda kwa pointi kumi, wakashuka.

Maelezo aliyotoa mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, yalikuwa kwamba bila Travis hii si timu ile ya wiki kumi na moja za mwanzo. Sawa. Lakini hilo lilikuwa kweli pia Novemba 28. Kilichobadilika kati ya Jumanne ile na Jumapili hakikuwa mguu wa Travis.

Kilichobadilika kilikuwa Atlanta. Siku hiyohiyo ya Desemba 2, Alabama waliwafunga Georgia 27-24 katika fainali ya SEC. Georgia walikuwa namba moja, mabingwa wa misimu miwili mfululizo, wameshinda mechi 29 bila kusimama. Ushindi huo ulikuwa mkubwa kuliko wowote ule wa msimu, na Alabama waliustahili kwa kila hali. Sasa fuata mnyororo. Ukimfunga namba moja, ni vigumu uachwe. Lakini Alabama walikuwa wamefungwa nyumbani kwao, Tuscaloosa, Septemba 9, 34-24, na Texas. Na Texas nao Desemba 2 wakachukua ubingwa wa Big 12 kwa 49-21 dhidi ya Oklahoma State. Huwezi kumwingiza Alabama ukamwacha aliyemfunga kwake mwenyewe, wote wakiwa mabingwa, wote wamepoteza moja. Kwa hiyo Alabama akiingia, anaingia na Texas mkononi. Michigan na Washington hawagusiki. Viti vimekwisha.

Hivyo Florida State hawakutolewa na mechi yao dhidi ya Louisville. Walitolewa na mechi mbili ambazo hawakucheza: ile ya Septemba Tuscaloosa na ile ya Desemba Atlanta. Jeraha la Travis lilikuwa mlango uliokuwa umeachwa wazi, na kamati ilipohitaji pa kutokea, ikautumia. Sisemi walidanganya. Nadhani waliamini walichosema. Watu 13 waliokaa chumbani usiku mzima wakiwa na timu tano safi na viti vinne watashika hoja yoyote yenye maandishi nyuma yake, na hii ilikuwa na maandishi.

Hoja ya upande wa pili si nyepesi. Kamati imeagizwa kuchagua timu bora, wala haikuagizwa kutoa zawadi ya bidii. Ratiba ya Alabama ilikuwa nzito zaidi. Pamoja na Georgia walikuwa wamewafunga Ole Miss, Tennessee na LSU. Na ukimkalisha mtu asiye na ushabiki mbele ya mechi ya Charlotte na ile ya Atlanta, atakuambia bila kusita timu ipi ilicheza mpira mzuri zaidi siku hiyo. Mimi mwenyewe ningesema Alabama.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo ukiifuata mpaka mwisho inakula mengi. Chukua LSU, mpinzani wa pamoja, kigezo kilichoandikwa. Florida State waliwafunga kwa tofauti ya pointi 21. Alabama waliwafunga Novemba 4 kwa tofauti ya 14, 42-28, na katika mechi hiyo Jayden Daniels aliumia robo ya mwisho akatoka. Je, kamati ilipunguza thamani ya ushindi wa Alabama kwa sababu kwotabeki wa wapinzani hakumaliza? Hakuna dalili. Jeraha la mpinzani halikuwa kitu; jeraha la kwako ndilo lililopimwa. Chukua pia wiki moja kabla ya fainali, Alabama dhidi ya Auburn: ikiwa imebaki chini ya dakika moja, jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 kutoka mstari wa kufunga, Jalen Milroe akatupa mpira kona ya uwanja na Isaiah Bond akaudaka. 27-24. Mpira ule ukidondoka, Alabama wana vipigo viwili na hatuna kisa cha kuzungumza. Timu bora, ndiyo, lakini ubora huo ulining'inia kwenye vidole vya mtu mmoja dhidi ya Auburn ambao mwaka huo walikuwa wa kawaida tu.

Wengine hukimbilia mwaka 2014, msimu wa kwanza wa mfumo huu. Ohio State walimpoteza kwotabeki wao wa kwanza, Braxton Miller, kabla msimu haujaanza, na wa pili, J.T. Barrett, katika mechi dhidi ya Michigan. Fainali ya Big Ten ikaanzwa na Cardale Jones, chaguo la tatu. Wakawapiga Wisconsin 59-0. Kamati ikawapandisha kutoka ya tano hadi ya nne, na TCU, waliokuwa wa tatu na ambao wikiendi hiyo walishinda 55-3, wakaporomoka mpaka ya sita. Ohio State wakaenda kuwafunga Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20, wakawa mabingwa.

Anayeitetea kamati anasema: unaona, wanatazama uwanjani, Jones aling'ara na Glenn hakung'ara. Mimi nasoma funzo jingine. Mwaka 2014 kamati haikujua Jones atafanya nini mbele ya Alabama. Hakuna aliyejua. Ilimpa nafasi ya kuonyesha. Isitoshe, mwaka 2023 nusu fainali zilipangwa Januari 1, karibu mwezi mzima baada ya Charlotte, muda wa kutosha kwa Rodemaker kupona. Florida State wakahukumiwa kwa sura ya mchezaji ambaye pengine asingeanza mechi iliyokuwa ikitabiriwa.

Kipengele cha majeruhi kina kazi ya maana, na kazi hiyo ni ya kutazama nyuma. Timu imefungwa wiki ya sita bila nyota wake, nyota amerudi, basi kipigo kile kisiwe na uzito wote. Hapo jeraha linaeleza matokeo yaliyopo. Ukiligeuza litazame mbele, unafanya kitu cha ajabu: unachukua ushindi uliopatikana bila nyota, ambao kwa mantiki ya kawaida ni mgumu zaidi na wa kuheshimiwa zaidi, unaugeuza kuwa ushahidi dhidi ya mshindi. Travis mwenyewe aliandika siku ile kwamba anatamani angevunjika mguu mapema zaidi msimuni, ili watu waone timu ni zaidi ya kwotabeki. Ni sentensi ya kuumiza, lakini kimantiki imenyooka kuliko maelezo yote ya kamati.

Kuhusu nadharia ya njama nitapita haraka. Inasemwa ESPN, wanaorusha mechi hizi, walitaka SEC wawemo. Ni kweli kwamba kwa miaka tisa SEC hawakukosa timu hata moja, na Alabama kuachwa kungekuwa mara ya kwanza kwa SEC kukosa. Ni kweli ESPN walikuwa na mkataba mpya na SEC. Lakini ESPN hao hao ndio wanaorusha ACC. Hoja ya njama pia ina ubaya mwingine: inawapa kamati msamaha rahisi, maana mtu akituhumiwa kwa asilolifanya hujibu hilo na kuliacha alilolifanya.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Kocha Mike Norvell alitoa taarifa ya hasira. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida alidai nyaraka za kamati, na Gavana Ron DeSantis akapendekeza dola milioni 1 kwenye bajeti kwa ajili ya kesi. Desemba 22 chuo kikaishtaki konferensi yake yenyewe, ACC, siku moja baada ya ACC kuwatangulia mahakamani katika jimbo la North Carolina. Hoja ilikuwa kwamba konferensi imedhoofika kiasi kwamba hata ukishinda zote huhesabiwi. Ugomvi huo uliisha kwa makubaliano Machi 2025, mgawanyo wa mapato ukabadilishwa. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo athari kubwa zaidi ya Jumapili ile, kubwa kuliko nani alibeba kombe.

Uwanjani, Desemba 30, Florida State walicheza na Georgia katika Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu isiyo ya kuwania ubingwa, wakafungwa 63-3. Kila mtetezi wa kamati anayo namba hiyo mfukoni. Lakini walioingia uwanjani si walioshinda 13. Keon Coleman, Jared Verse, Trey Benson, Johnny Wilson, wote waliokuwa wakielekea ligi ya kulipwa, walikaa pembeni; Rodemaker alikuwa ameamua kuhama chuo. Zaidi ya wachezaji ishirini hawakuwepo, na hawakuwepo kwa sababu hakukuwa na ubingwa wa kuwania. Huwezi kumnyima mtu mechi, kisha utumie mechi nyingine isiyo na maana kwake kuthibitisha kwamba ulikuwa sahihi. Vilevile, Alabama kufungwa na Michigan 27-20 katika muda wa nyongeza, na Michigan kwenda kuwafunga Washington 34-13 katika fainali, hakuthibitishi kamati ilikosea. Kunathibitisha Alabama walikuwa timu nzuri, jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Mwaka uliofuata mfumo ukapanuliwa kuwa timu 12, na nafasi tano zikatengwa kwa mabingwa wa konferensi walio juu zaidi kwenye orodha. Kwa kanuni hiyo Florida State wa 2023 wangeingia bila mjadala. Kabla ya msimu wa 2025 kamati pia iliongeza kipimo cha kuthamini rekodi kulingana na wapinzani uliokutana nao. Ukidhani hapo ubishi ulikwisha, hujawajua Wamarekani. Ulihama tu kutoka kiti cha nne hadi cha mwisho.

Desemba 2025 ulikuwa zamu ya Notre Dame na Miami, kila mmoja ana ushindi 10 na vipigo viwili. Miami walikuwa wamewafunga Notre Dame 27-24 mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Agosti 31. Wiki baada ya wiki kamati iliwaweka Notre Dame juu yao. Wikiendi ya mwisho hakuna kati yao aliyecheza. BYU, waliokuwa katikati yao, walifungwa wakaporomoka, na timu hizo mbili zikajikuta zimekaa ubavu kwa ubavu kwenye orodha. Ndipo kamati ikayatazama upya matokeo ya Agosti: Miami ndani, Notre Dame nje. Safari hii naona walipatia timu, ila kwa njia ileile. Kigezo kilikuwepo miezi mitatu na hakikuwa na nguvu, mpaka siku nafasi ilipohitaji mwenyewe. Notre Dame walikataa kucheza mechi nyingine yoyote msimu huo.